Kina Baba Kumi na Mmoja, Koti Moja

Kondele, Kisumu
17 Januari 1999

Shemeji Lornah,

Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya Uholanzi iwe haijakushinda. Sisi tuko, ila dada yako Benta analalamika goti. Binti yetu Nelima ameingia kidato cha pili akiwa wa tisa kati ya arobaini na wawili. Nimemwambia wale wanane walio mbele yake hawana pembe. Mama yenu kule Sondu amevuna mahindi. Magunia mangapi, hasemi. Anadai mahindi yakihesabiwa huisha.

Sasa kamera. Mchungaji wenu aliileta Jumanne, imefungwa kama mtoto mchanga. Nimeikagua. Haina filamu. Nilitafuta mahali pa filamu dakika arobaini, mpaka Benta akasoma karatasi uliyotia ndani akaniambia picha inaingia kwenye diski, hizi za kompyuta. Diski ni kumi. Nimezifunga kwa karatasi nyeusi nikaziweka mahali pa giza, kwa sababu katika miaka ishirini na sita sijaona picha inayopenda mwanga kabla haijaoshwa. Kama nimekosea niambie, lakini niambie taratibu.

Nimepiga hesabu. Diski moja inabeba picha ishirini hivi. Betri inakaa saa moja na robo, ndiyo dakika sabini na tano. Watoto niliopewa na mwalimu mkuu wa shule ya ufuoni, upande wa Dunga, ni ishirini na wanne, darasa la tano na la sita. Basi kila mtoto ana dakika tatu na kidogo kila Jumamosi, na mtoto wa ufuoni dakika tatu humtosha kujikuna tu.

Kwa hivyo Jumamosi nne za kwanza hakuna kubonyeza. Watashika kipande cha katoni nilichotoboa katikati. Watajifunza kusimama, kushusha pumzi, na kukagua kona zote nne. Sheria ya kwanza ni ile yangu ya siku zote: usimkate mtu miguu. Mtu amevaa viatu, vionekane.

Kuna jambo limenikaa kooni. Umeandika kwamba kamati ya kanisa lenu itatazama picha za watoto; zikiwapendeza italeta kamera tano zaidi na mimi niwe mwalimu kwa miaka miwili, zisipowapendeza kamera inachukuliwa. Yaani niko kwenye majaribio kama msichana wa kazi. Mimi nimepiga picha machifu wanne, maharusi mia sita na kumi na wawili, na nusu ya vitambulisho vya Kondele. Sawa, wajaribu. Lakini watoto nimewaambia waniite Mwalimu tangu sasa, nisije nikazoea jina lingine.

Studio inaendelea.

Ni mimi shemejio,
Dishon Khaemba


Utrecht
12 Februari 1999

Shemeji Dishon,

Barua yako imefika na nimeisoma kwenye basi, nikapita kituo changu. Mimi ni mzima. Bado niko jikoni kwenye nyumba ya wazee. Wazee wa hapa hula viazi saa kumi na moja jioni na kwenda kulala kama kuku. Mwambie Benta goti alikande kwa maji ya moto, asingoje liwe kubwa. Nelima mpe pongezi zangu bila zile za pembe.

Diski zitoe gizani. Hazina shida na mwanga. Zinaogopa maji na sumaku, basi usiziweke juu ya spika ya redio.

Shemeji, nielewe vizuri kuhusu kamati. Wanachotaka ni watoto wapige picha nyumbani kwao, watu wao, vile wanavyoishi. Hawataki watu waliopangwa kama wanangoja kuimba. Mtu akicheka, muache acheke. Picha ikiharibika unaifuta, unapiga nyingine, haipungui kitu. Nakuomba usiwapange watu. Najua unavyopenda kupanga. Hata kwenye harusi yako ulimpanga mchungaji.

Kuna lingine la kwangu mwenyewe. Picha ya Mama niliyo nayo ni ya 1988 na ameangalia pembeni. Najua wewe huwezi kumpiga, mkwe na mama mkwe hawasimami uso kwa uso. Lakini sasa una watoto ishirini na wanne. Mtume mmoja.

Na studio inaendelea vipi? Umeandika maneno mawili tu, na wewe si mtu wa maneno mawili.

Lornah


Kondele
21 Machi 1999

Shemeji Lornah,

Tunakusalimu kutoka kwenye joto, maana mvua imekataa kuja. Goti la Benta limepungua. Nelima amekuwa wa saba. Pembe bado hajaziona.

Watoto wameanza kubonyeza. Kati ya ishirini na wanne, kumi na tisa wanashika kamera bila kutetemeka, wanne wanatetemeka, na mmoja anaitwa Perez. Huyu ana miaka kumi, mama yake anaanika omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, pale ufuoni, na mdomo wake hauanikiki. Mwezi uliopita nilileta picha zangu za zamani wazione. Akazipitia zote.

"Mwalimu, mbona hawa watu wamekasirika?"

"Hawajakasirika. Wametulia."

"Uliwakataza kucheka?"

"Mtu akicheka anafumba macho. Filamu ina picha thelathini na sita. Ukimpa kila mcheshi nafasi ya pili, harusi inaisha bibi harusi hajapigwa."

"Lakini hii haina filamu."

"Angalia kona."

Nimekuwa nikimwambia mtoto huyo aangalie kona tangu wakati huo, kila nikikosa jibu.

Huyo ndiye niliyemtuma kwa Mama. Benta alimpeleka Sondu, nami nikafuata nyuma kubeba betri. Nilibaki nyuma ya ghala, mahali mkwe anafaa kubaki, nikapaza sauti: "Perez, mwambie arudi nyuma hatua mbili." Mama akajibu kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie huyo aliye nyuma ya ghala kwamba hapa ni kwangu." Akasimama alipotaka. Miguu imeingia yote.

Halafu nikawapa watoto kazi: baba akiwa nyumbani. Kamera ni moja, kwa hivyo tumetembea nyumba kwa nyumba Jumamosi tatu. Wengine baba hayuko, wakapiga mama au nyanya. Mimi nilisimama mlangoni tu. Watoto ndio waliopiga.

Natuma diski tatu kwa rejista, picha hamsini na saba. Ya Mama ni ya kwanza kwenye diski ya kwanza. Betri nachaji kwa fundi wa redio, anasema inakula umeme kama mgonjwa aliyepona.

Dishon


Utrecht
19 Aprili 1999

Shemeji Dishon,

Natumaini mvua imefika na goti linatembea. Huku miti imeanza kuchipua na wazee wangu wanataka kutolewa nje kila siku, halafu wakifika nje wanataka kurudi ndani.

Diski zimefika zote. Picha ya Mama nimeiona. Sitasema mengi.

Shemeji, tumepata shida. Kamati ilikaa Jumatano, nami nikiwemo, kutazama picha kwenye kompyuta. Kuna kina baba kumi na mmoja waliovaa koti moja. Hanneke, ambaye ni katibu wetu, aliona kifungo cha chini hakipo, kwa huyu, kwa yule, kwa yule mwingine, akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na mmoja aliweka kalamu chini. Mmoja akauliza kama kwetu watoto wengi hivi wana baba mmoja. Mwingine akasema mwalimu amewavisha watu ili kuficha maisha yao, na kwamba hiyo si kazi ya watoto tena, ni kazi ya mwalimu.

Niliona aibu. Nakuambia kwa sababu wewe ni mtu wa ukweli. Ulisema ulisimama mlangoni tu.

Wamekupa mpaka mwisho wa Mei utume diski nyingine, watu wakiwa na nguo zao wenyewe. Zisipokuja, kamera inachukuliwa. Tayari wanamtaja dada mmoja wa Nairobi mwenye diploma ya mambo hayo.

Sikuwaambia kwamba wewe ni shemeji yangu. Nimeona hivyo ni afadhali kwa sisi wote.

Tafadhali, koti lile lisionekane tena.

Lornah


Kondele
9 Mei 1999

Shemeji Lornah,

Sote hatujambo. Mvua imekuja na paa la jikoni limeonyesha matundu manne ambayo hatukuyajua. Salamu zinaishia hapo.

Hesabu ya kamati ni sawa. Ni kumi na mmoja. Hapo sina neno.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Absalom, fundi wa mashua. Mwanawe alisimama mlangoni na kamera jinsi nilivyomfundisha. Absalom akamwambia, "Ngoja." Akaingia ndani, akatoka amevaa shati lile lile. Akanitazama, si kwa haraka. "Mwalimu, lile koti la studio si unalo?" Nilikuwa nalo kwenye mfuko. Mpiga picha hatembei bila koti, kama vile mkunga hatembei bila wembe. Tulipofika nyumba ya pili, Opiyo alikuwa amenyoa ndevu na ametanua mikono tayari kuvishwa. Habari ilitutangulia kwa dakika kumi. Mimi sikumwita mtu. Nilisimama mlangoni kama nilivyosema, ila nilisimama nikiwa na koti.

Unasema tumeficha maisha yao. Mimi nimepiga watu tangu mwaka wa sabini na tatu, na sijaona hata mmoja wa kwetu aliyekwenda kupigwa picha akaibeba shida yake makusudi. Anaiacha nyumbani. Picha ndiyo siku yake ya mapumziko. Itabaki ukutani miaka hamsini baada yake, wajukuu wataitazama. Unataka waone tundu la kwapani?

Nami nina swali. Mwaka 1988 ulipokuja studio kupigwa picha ya pasipoti, ulivaa nini? Nguo za sanduku langu zina namba. Koti la kijivu ni namba moja. Blauzi nyeupe yenye kola ni namba nne. Uliivaa dakika sita, dada yako akakufunga vifungo vya nyuma. Umepita nayo uwanja wa ndege wa Nairobi na wa huko, na hakuna askari aliyekuambia blauzi si yako. Kama ukweli ni shati lililotoboka, basi umeishi Uholanzi miaka kumi na moja kwa uongo wangu.

Diski nyingine sitatuma. Nimevisha watu miaka ishirini na sita, siwezi kuanza kuwavua kwa sababu kamati imekaa Jumatano.

Dishon Khaemba

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Lornah, ni Benta. Amenipa nipeleke posta na nyuma hataangalia, anaamini akimaliza amemaliza. Studio ilifungwa mwezi wa kumi na moja. Kuna duka la picha za rangi lilifunguliwa mjini, unapata picha kwa saa moja, watu wakahama wote. Chumba chake sasa ni saluni. Sanduku la nguo liko chini ya kitanda chetu na diski zako zilikaa humo humo. Jumamosi anaamka kabla yangu, anafunga tai, anakwenda kwa mguu mpaka Dunga. Siku sita nyingine anangoja hiyo ya saba. Wakimnyang'anya kamera sijui nitamweka wapi mchana. Usimwambie nimesema. Goti si baya.


Utrecht
6 Juni 1999

Shemeji Dishon,

Nawasalimu mmoja mmoja. Nimetuma fulana ya Nelima kwa mchungaji, na dawa ya kupaka ya goti.

Barua yako niliisoma mbele na nyuma, kama kawaida yangu. Sitauliza tena habari za studio.

Mambo yamegeuka. Mwisho wa Mei ulipopita bila diski, Hanneke alichapa zile picha kumi na moja kubwa, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Akazilaza sakafuni kwa mstari ili kamati iamue. Watu wakazizunguka. Halafu wakaanza kusema vizuri. Wanasema hawajaona kitu kama hicho. Sasa wanataka zitundikwe kwenye ukumbi wa kanisa mwezi wa nane, zote kumi na moja pamoja, kwa mstari mmoja, na jina juu: Koti Moja.

Wakizipata, kamera tano zinakuja na miaka yako miwili inaanza Septemba. Wameandika. Nimeiona barua kwa macho yangu, na ndani yake wamekuita mwalimu.

Kinachotakiwa ni sahihi ya kila baba kwamba amekubali kutundikwa. Fomu kumi na moja ziko ndani. Wasiojua kuandika watie kidole.

Shemeji, chukua sahihi. Usikae kufikiri. Ni kumi na moja tu.

Lornah


Kondele
4 Julai 1999

Shemeji Lornah,

Tumepokea fulana na dawa. Fulana inamtosha Benta na dawa anaitumia Nelima, aliteleza kwenye mchezo wa netiboli. Hata hivyo asante.

Nilisoma barua yako nikavaa tai siku ya Alhamisi. Niliwaita kina baba wote kumi na mmoja darasani, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Nikawasomea. Nikawaambia kuna kamera tano, nikawaambia kuhusu miaka miwili. Sikuwaficha kwamba mimi nina haja.

Tom, mlinzi wa shule, alikuwa wa kwanza. "Mimi waniangike. Nitachekwa na watu ambao sitakutana nao Dunga."

Wakacheka. Opiyo akasema, "Kamera tano ni kamera tano. Mtoto wangu akipata ya kushika, uso wangu wauchukue wanavyotaka." Wengine wakaanza kuulizana kalamu. Nilikuwa nazo nne, nikazitoa.

Absalom hakuchukua. Akaniuliza, "Mwalimu, tutakuwa ukutani sote?"

"Sote."

"Kila mtu ukuta wake?"

"Ukuta mmoja. Kwa mstari."

"Na hilo jina juu linasema koti ni moja."

"Linasema hivyo."

Alikaa akipiga kidole kwenye dawati. Kisha akasema, wala si kwa hasira, "Mimi pale peke yangu ni mtu mwenye koti. Mkitupanga mstari, tunakuwa watu kumi na mmoja wasio na koti."

Nilitafuta jibu. Nilikuwa na haja ya jibu kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya darasa lile, na hesabu ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini ile yake ilikuwa sahihi. Nikaipiga tena kimoyomoyo, ikatoka vile vile.

Kalamu zilirudi moja moja. Tom alibaki na yake, kisha akasema mstari wa mtu mmoja si mstari, akairudisha. Ndani ya bahasha kuna fomu kumi na moja, safi kama zilivyokuja. Picha ni zao. Naomba zile kubwa zisitundikwe popote, na kamati izitume nimpe kila mtu yake.

Sasa jambo letu wawili. Uliandika kwamba Hanneke aliona kifungo hakipo. Koti hilo ni langu. Pale pasipo na kifungo napajua, na watoto niliwafundisha mkono wa kushoto wa baba ukae hapo mbele. Nilizitazama zote kwenye kioo cha kamera kabla sijatuma, na nimezitazama tena kwa fundi wa kompyuta, maana nilibaki na nakala. Pengo halionekani hata katika moja. Na koti la kijivu ni koti la kijivu, huko kwenu yamejaa. Mtu asiyelijua hawezi kulihesabu. Hanneke alilijulia wapi?

Dishon


Utrecht
1 Agosti 1999

Shemeji Dishon,

Leo sina habari za hali ya hewa.

Ni mimi. Picha zilikuwa zikipita kwenye kompyuta, moja, nyingine. Kwenye ya tatu nililiona koti, nikacheka. Sikuwacheka wao. Ilikuwa kama mtu wa nyumbani ameingia mlangoni bila kubisha, nami mtu wa nyumbani hajaingia kwangu miaka kumi na moja. Wakaniuliza nini. Nikawaambia, lile koti nalijua. Ndipo Hanneke akaanza kuhesabu. Kifungo nilikitia mimi kwenye barua ili isiwe mimi. Kama ningefunga mdomo, hakuna ambaye angeona kitu, na kamera tano zingekuwa zimefika.

Fomu nimezipeleka. Walisikitika, halafu wakapiga kura. Kamera itachukuliwa tarehe 21 mwezi huu, yule dada wa Nairobi ndiye atakayekuja. Nimewaambia sasa kwamba wewe ni shemeji yangu. Nimewaambia na habari za blauzi namba nne, na wiki ile ile nikajitoa kwenye kamati. Walitikisa vichwa. Sijui kama walielewa au walikuwa wakitafuta neno la heshima.

Picha kubwa nimeziomba na nimepewa. Zinakuja kwa meli, zimeviringishwa, kila moja peke yake.

Sijui niandike nini zaidi ya hapo.

Lornah


Kondele
19 Septemba 1999

Shemeji Lornah,

Habari zetu ni nzuri kwa wastani. Goti limehama, sasa ni bega. Nelima ni wa sita. Mama yenu amepanda tena na bado hasemi magunia.

Kamera ilichukuliwa siku hiyo hiyo mliyosema. Nilimkabidhi dada wa Nairobi kamera moja, betri yake na diski saba, na zile tatu zilizoko kwenu akaandika. Ni msichana mwenye adabu. Aliniita mzee. Anafundishia Milimani, kwenye boma moja lenye umeme usiokatika, na aliwakaribisha watoto wangu. Walienda sita. Wanne wamerudi. Perez alikuwa kati ya hao wanne. Anasema huko wanabonyeza mara mia mbili kwa siku na hakuna anayemwuliza mtu kitu. Nilimwuliza kwani si hicho alichokuwa akitaka. Akasema alifikiri hivyo. Wawili waliobaki huko wako sawa, siwalaumu, na mwalimu mkuu amenipa wawili wa darasa la nne kuziba pengo. Hesabu imerudi ishirini na wanne.

Kicheko chako nimekisoma mara mbili. Benta anasema mtu hukumbuka kwao kwa namna nyingi. Mimi nimemwambia ningependa shemeji yangu akumbuke kimya kimya. Basi, limekwisha.

Usiandike tena kwa sanduku la posta la studio. Studio niliifunga mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Nilikuwa nikitaka kukuambia ila karatasi ilikuwa ikijaa. Andika kwa sanduku la shule, na mbele ya jina langu uweke Mwl., la sivyo karani ataitia kwenye barua za wazazi na nitaipata Krismasi. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema hivyo, sikumwomba.

Sasa tunatumia kamera yangu ya zamani. Kina baba wamepanga zamu wao wenyewe, kila mwezi mmoja wao analeta filamu moja. Absalom ndiye aliyeanza. Filamu ni picha thelathini na sita, watoto ni ishirini na wanne, kwa hivyo kila mtoto ana picha moja na nusu. Ile moja anapiga anachotaka, mtu akicheka acheke, miguu ikikatika ni juu yake. Nusu ndiyo iliyonisumbua wiki mbili. Mwishowe nimewagawa wawili wawili, na kila jozi ina picha moja ambayo lazima wakubaliane kabla ya kubonyeza.

Jana walibishana mpaka mvua ikaja. Kuna waliotaka mashua na wenzao wakataka mbuzi. Perez na mwenzake hawajakubaliana hata wasimame upande gani. Picha kumi na mbili bado ziko ndani ya kamera, zikingoja kupigwa.

Mwl. Dishon Khaemba